Wangeci na Nyumba ya Nusu Pipa

Nyumba ya Nusu Pipa ilipendwa na kila mtu isipokuwa mwanamke aliyeishi ndani yake.

Waliipenda watoto wake, ambao walikuwa wamehamia zamani kwenye nyumba zenye vigae huko Lavington na Karen. Wajukuu waliipenda kupita kiasi. Hata wapita njia walisimamisha magari, wakateremsha vioo na kunyoosha simu wapige picha. "Shosho, unaishi mahali pazuri sana!" walimwambia, wakimwita bibi kwa Kikuyu, na Wangeci, mtu wa adabu zake, alitabasamu akajibu asante, kisha akaingia ndani na kugonga kichwa.

Kugonga kichwa ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba ile. Ukuta wake haukusimama kama kuta za watu. Ulianzia chini udongoni, ukapanda ukijipinda, ukapita juu ya kichwa chako na kuteremka tena upande wa pili, bati tupu, kama pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa kifudifudi. Ukiamka kitandani kwa haraka, bati linakukumbusha uko wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Wangeci aliwajua hao kunguni kwa majina.

Aliyeileta nyumba hiyo Dagoretti ni baba mkwe wake, mzee Mungai. Huyu alikuwa Keya, askari wa Mwingereza katika vile vita vya pili vya dunia. Aliendesha lori la jeshi hadi Burma, akarudi na koti zito na kikohozi. Vita vilipokwisha, kambi moja ya wanajeshi upande wa Karen ikafungwa, vitu vyake vikapigwa mnada. Wenzake walinunua blanketi, buti na madebe. Mungai akanunua majengo mawili mazima, yale walimokuwa wakilala askari. Yakafunguliwa nati moja baada ya nyingine, yakapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, yakaletwa Dagoretti watoto wakikimbia nyuma na watu wazima wakicheka hadi kushika mbavu. "Mungai ameoa pipa!" walipiga kelele.

Hakuwajali. Moja akalisimamisha likawa nyumba ya mkewe. La pili akalisimamisha kando yake likawa thingira, yaani nyumba ya mwenye boma, mahali pa wanaume kuota moto na kutafuna nyama. Taabu ikawa milango. Mwingereza alikuwa ameweka mlango mbele na mwingine nyuma, na mama yake Mungai akakataa katakata kuvuka kizingiti. Nyumba ya Mkikuyu ina mlango mmoja! Baraka ziingie huku zitokee kule, kwani nani amerogwa? Ikabidi mlango wa nyuma uzibwe kwa bati. Ajuza akaingia, moto ukawashwa, na kambi ya mzungu ikawa nyumba ya watu.

Ikaja ile miaka mibaya ya hali ya hatari, mkoloni akiwasaka wapigania uhuru. Nyumba za nyasi za majirani zilitiwa moto, wenyewe wakaswagwa kama mbuzi. Lakini askari wa mkoloni walipofika kwa Mungai waliyaona majengo wanayoyajua, wakadhani ni mali ya serikali, wakapita. Walipita mara nyingi. Na ndani ya nyumba ile ya mke wa Mungai, sakafuni, walikuwa wamebanana watoto wa majirani, mkubwa amemziba mdogo mdomo. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuicheka mbele ya Mungai.

Wangeci aliingia humo miaka mingi baadaye, bi arusi kutoka Limuru, nchi ikiwa imeshapata uhuru wake. Alipoiona mara ya kwanza alimnong'oneza mumewe, Kibe mwana wa Mungai, "Hapa ndipo mnaweka mahindi?"

Kibe akacheka mpaka akakohoa. "Hapa ndipo utakapolala, mama. Lakini usijali. Mwaka ujao nakujengea ya mawe."

Kibe alikuwa mtu mzuri, tusimsingizie. Alifanya kazi machinjioni, hakuja nyumbani mikono mitupu, na hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Lakini huo mwaka ujao wake, loo! Ulikuwa ukifika unasogea. Kwanza ng'ombe akafa. Kisha watoto wakaanza shule. Kisha mzee Mungai mwenyewe akaugua, akawaita watu wake wote thingirani, na hapo ndipo ndoto ya Wangeci ilipofungwa kufuli.

Mkikuyu atakufanyia mzaha na mambo mengi, lakini neno la mzee anayekata roho halifanyiwi mzaha. Wanaliita kirumi. Ukilivunja, balaa ni lako na la kizazi chako. Na mzee Mungai, kifua kikimkoroma, alisema hivi: "Nyumba hizi ziliwaficha watoto wa watu. Mtu wa damu yangu, awe mwanangu au mjukuu, atakayeng'oa bati hata moja kwa mkono wake, au kwa mkono wa kibarua aliyemtuma, hatajenga nyingine ikasimama." Akaomba maji, akanywa, akajifunika. Hakuamka tena.

Basi. Nani sasa angegusa? Kibe hata kupigilia msumari aliogopa.

Wangeci hakuwa mtu wa kununa. Aliuza matumbo sokoni Dagoretti, na kicheko chake ulikisikia kabla hujaiona meza yake. Aliimba kwaya. Aliwalea wanawe wawili, Ndegwa na Shiku, wakasoma wakafika mbali. Ukimuuliza habari, ni njema tu, na kweli zilikuwa njema. Lakini nyumba! Mwezi wa kwanza, jua likiwaka, ungeweza kuchoma chapati ukutani. Mwezi wa saba baridi ilipobana, bati lilitoka jasho usiku na kulidondosha juu ya blanketi. Mvua ikinyesha hakuna kusikizana. Siku moja mchungaji alikuja kuwaombea, akafumba macho, na mvua ikashuka papo hapo. Waliona midomo yake ikicheza, lakini hakuna aliyejua pa kusema amina, wakabaki wameinamisha vichwa mpaka shingo zikauma.

Na kabati! Mama yake alikuwa amempa kabati zuri la mbao, zawadi ya arusi. Utaliegemeza wapi kabati kwenye ukuta uliopinda? Lilisimama katikati ya chumba kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi, na watu wakalizunguka maisha yao yote. Watoto walijifunza kutembea wakilishikilia.

Kwa hiyo Wangeci alitamani kitu kimoja tu duniani. Hakutaka gorofa, hakutaka gari. Alitaka ukuta ulionyooka. Na kwa sababu si mtu wa kukaa akilia, kila biashara ya matumbo ilipomwendea vizuri alinunua mawe ya kujengea, leo machache, mwezi ujao machache, akayapanga nyuma ya nyumba. Majani yakaota juu yake, kuku wakataga humo, na hakuna mtu aliyemuuliza ni ya nini. Kibe alifariki akiwa bado na mwaka ujao mdomoni. Wangeci alimlilia kwa moyo wote, maana alimpenda, kisha akaendelea kununua mawe.

Krismasi iliyopita familia ilijaa Nusu Pipa kama kawaida. Ndegwa, ambaye ana ofisi yake mjini na tumbo la kufanana nayo, alisimama na glasi ya soda akasafisha koo. Mkewe Everlyn, Mluhya kutoka Bungoma, alikuwa ameketi karibu na jiko akimenya viazi. Shiku alikuja na binti yake Stacy, ambaye hata salamu alikuwa amezitoa huku akijipiga picha mlangoni.

"Mami," akasema Ndegwa, "tumekaa tukaongea, tukaamua kukufurahisha. Hii nyumba tutaipaka rangi mpya. Tutaweka vigae sakafuni. Na pale nje tutasimamisha kibao kizuri, kila mtu ajue historia ya familia yetu."

Makofi yakapigwa. Stacy akaruka. "Shosho, hii keja ni moto! Marafiki zangu wote wanataka kuiona. Usiwahi kubali iguswe!"

Wangeci aliwatazama wote, mmoja mmoja, watu aliowalisha matumbo ili wasome. Akavuta pumzi. "Mimi nataka ibomolewe," akasema.

Hee!

"Ibomolewe?" Shiku alishika kifua. "Mami, hii ni historia yetu!"

"Historia ni yenu. Jasho linalodondoka usiku ni langu," akajibu Wangeci. "Nyinyi mnakuja Krismasi, mnapiga picha, mnarudi kwenye kuta zenu zilizonyooka. Mimi nimezeeka nikiinama ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi. Mawe ninayo pale nyuma. Mnafikiri nilikuwa nikiwajengea kuku?"

Ndegwa akajikuna kichwa. Akasogea karibu, akashusha sauti, na sasa ukweli ukatoka. "Mami, hata tukitaka, nani ataigusa? Neno la guka Mungai unalijua. Mimi nina watoto. Siwezi."

Hapo hapakuwa na historia wala kibao. Ilikuwa hofu tupu, na Wangeci aliiona machoni mwa mwanawe, akamhurumia. Kila mtu akatazama chini. Everlyn peke yake, kisu bado mkononi, ndiye aliyeinua uso. "Lakini kusema kweli," akasema polepole, "si Mama ndiye anaishi hapa? Asikizwe."

Shiku akamgeukia kama aliyechomwa na mwiba. "Everlyn, hebu wachana na hii. Haya ni mambo ya damu ya Mungai. Wewe ni wa kuja tu."

Everlyn akashika kiazi kingine. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Na Wangeci, badala ya kukasirika, akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha sokoni, akapiga paja, akacheka hadi Stacy akamletea maji.

"Shiku mwanangu," akasema akipangusa macho, "rudia hilo neno. Everlyn ni nani?"

"Mami, sikumaanisha vibaya..."

"Ni wa kuja. Sawa kabisa. Na mimi je? Nilizaliwa kwa Mungai? Mimi ni wa Limuru! Tangu nifike hapa naambiwa haya si yako, hii si ya ukoo wako, kaa huko na wanawake. Shangazi zako waliniambia hivyo mpaka wakaingia kaburini. Na mzee alisema nini? Mtu wa damu yangu. Damu yake mimi sina hata tone. Ewe Mungu, nimekaa nimefungwa na kamba ambayo si yangu!"

Wangeci akanyoosha mkono juu ya viazi, akamshika Everlyn bega. "Mwezi wa kwanza ukiingia, uje na nguo za kazi. Sisi wa kuja tuna shughuli."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo jua lilikuwa limetoka vizuri, bado halijakuwa kali. Kilonzo, fundi wa jirani, alileta ngazi, spana na kopo la mafuta ya kulainisha kutu. Yeye naye alikuwa na wasiwasi wake, akauliza kama mkono wake uko salama. "Nani amekutuma?" akauliza Wangeci. "Ni wewe, Mama," akasema. "Basi mkono wako leo ni wa Limuru. Shika ngazi."

Ndugu wa damu walisimama kando, karibu na thingira. Ndegwa alikuwa ametia mikono yote mfukoni asije akagusa kitu kwa bahati mbaya. Wangeci alifunga leso kiunoni, akasali kwa sauti ili kila mtu asikie, akapanda. Mtu wa umri wake! Shiku alifunika uso. Nati ya kwanza ilikataa. Ikatiwa mafuta, ikangojewa, ikakataa tena. Wangeci akaitukana kwa Kikuyu, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, na nati ile ya Mwingereza ikalia kwiii, ikazunguka.

Everlyn alikuwa kwenye ngazi ya pili. Walikwenda hivyo, nati huku, nati kule, wakipokezana spana na maneno, na kila bati lilipolegea Kilonzo alilipokea chini. Wakati fulani bati moja likaponyoka upande wa Everlyn likaanza kuteleza. Ndegwa, mume mwema, alichomoa mikono mfukoni akaruka kulidaka.

"Usiguse!" wote wakapiga kelele kwa pamoja.

Aliruka nyuma akaanguka kwenye lundo la mawe, kuku wakatawanyika, na Everlyn akalidaka bati mwenyewe kwa mkono mmoja. Watu walicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia uani. Ndegwa mwenyewe alicheka, akiwa bado ameketi pale juu ya mawe na manyoya ya kuku kichwani.

Ilipofika saa ya chai Shiku ndiye aliyeileta. Alisimama chini ya ngazi ya Everlyn, kikombe mkononi. "Wifi," akasema, "lile neno langu la Krismasi halikuwa zuri. Nisamehe."

Everlyn akamtazama kutoka juu, uso umejaa vumbi na kutu. "Ningekwambia unishikie ngazi kama faini," akasema, "lakini wewe ni wa damu." Shiku akacheka akilia, akainua kikombe juu, na Everlyn akakipokea.

Bati la juu ndilo lililokuwa la mwisho upande ule. Lilipotoka, jua likaingia pale ambapo halikuwa limewahi kufika. Likaangaza kitanda cha Wangeci, na sakafu ya saruji iliyopasuka, na ile pembe ya nyuma walikojificha wale watoto. Wangeci alikaa juu ya ngazi, spana mapajani, na machozi yakamtoka. Alifurahi, na wakati uo huo alihuzunika, akaona haya kuhuzunikia kitu alichokitukana maisha yake yote. "Baba," akasema, na wote wakajua anazungumza na mzee Mungai, "wewe uliwaficha watoto. Mimi niliwalea wangu. Sasa nipishe."

Ile thingira hakuigusa. "Hiyo ni yenu," aliwaambia wa damu. "Pakeni rangi, wekeni kibao, pigeni picha mpaka simu zizime. Historia ikae huko, mimi nikae hapa." Wakafurahi, na kibao kipo mpaka leo, ingawa aliyekiandika alikosea herufi moja na hakuna anayetaka kusema.

Nyumba ya mawe iliinuka kabla ya mvua ndefu. Si kubwa. Ina vyumba vyake, jiko lake na, kwa heshima ya yule ajuza, mlango mmoja tu. Siku ya kuiombea walikuja wote, na mchungaji akaomba akasikika hadi amina ya mwisho. Chakula kilipoliwa Ndegwa akasimama tena na glasi ya soda. Lakini safari hii hakuwa na hotuba. Alipiga goti mbele ya mama yake.

"Mami," akasema, "guka alituachia neno juu ya nyumba yake. Hii ni yako. Umeijenga kwa mawe yako. Tuachie na wewe neno, tulishike sisi na watoto wetu."

Stacy akainua simu kurekodi. Wangeci alikuwa ameketi kwenye kiti, mgongo umeegemea ukuta wote, kuanzia mabegani hadi kiunoni, wala hakuwa na haraka. Alimtazama Ndegwa, akamtazama Shiku, kisha akamtafuta Everlyn kwa macho mpaka akampata, amesimama mlangoni na sahani za kuosha.

"Neno langu ni hili," akasema. "Mwanamke atakayeishi humu, awe wa damu au wa kuja, siku akiichoka, aibomoe. Asiombe ruhusa kwa mtu aliyekufa."

Everlyn aliweka sahani chini.

"Umenasa hiyo?" Wangeci akamuuliza Stacy.

"Nimeinasa, Shosho."

"Basi ihifadhi vizuri," akasema. "Na mimi siku hiyo msinilaumu. Nitakuwa nimeshakufa."